Shamba la marehemu baba Mkuranga: dalali anataka saini zetu, kaka zangu wameshakubali. Naombeni ushauri

BintiWaKorosho:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni.

Naandika kwa kirefu makusudi, maana nikifupisha nitajibiwa "uza" au "usiuze", na mimi hata huko sijafika.

Kwetu ni Mkuranga, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Zamani ukishuka kwenye gari la Mbagala unapita chini ya mikorosho mpaka mlangoni kwetu. Leo unapita katikati ya kuta. Bondeni kuna kiwanda cha vigae, juu yake wanayeyusha vyuma chakavu na kutoa nondo, na ukuta wa tatu hakuna anayejua vizuri ndani wanatengeneza nini: wengine wanasema nepi, wengine maboksi. Malori ndiyo yanayoamua watu walale saa ngapi. Mikorosho ya upande wa barabara mwaka huu imechanua huku majani yana rangi ya saruji, na mama anasema maua yamepukutika kabla ya kushika. Inawezekana ni vumbi, inawezekana ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, maana salfa nayo tulichelewa kupuliza.

Shamba ni ekari sita. Sehemu ya chini baba alikatiwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Ya juu ilikuwa pori, akalifyeka mwenyewe. Kuna mikorosho, michungwa, mihogo, na minazi michache iliyosalimika na ule ugonjwa wa kunyong'onyea. Hati hakuna. Mipaka ni mipingo miwili, njia ya ng'ombe, na kumbukumbu za wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Baba alifariki mwaka juzi na mirathi hatujafungua. Tuko watano, wanaume watatu na wanawake wawili, na mama yupo, anaishi hapohapo shambani.

Sasa kuna dalali anakuja. Anasema kampuni itatupa milioni 18 kwa ekari, ekari zote sita, lakini tusaini kabla ya mwezi kuisha kwa sababu "mwekezaji ana mashamba mengine ya kuangalia". Nikamuuliza kampuni gani. Akasema nitaijua siku ya kusaini. Kaka mkubwa ameshapokea laki tano, yeye anaiita nauli. Hao wawili wanaomfuata wanasema tukikataa serikali itatwaa kwa nguvu na kutulipa senti, na kwamba kijiji chetu kinaelekea kuwa mji mdogo, kwa hiyo tuwahi. Mama hajaulizwa na mtu. Anachemsha chai, dalali anakunywa, wanaongea mbele yake kana kwamba shamba liko Kigoma.

Ninachouliza: saini ya kaka inatosha? Hilo la serikali kutwaa ni kweli au ni kututisha? Na hilo la mji mdogo linabadilisha nini hasa kwa watu kama sisi?


Mtendaji_Mstaafu:

Marahaba binti, na pole kwa msiba ingawa umepita.

Nimekuwa mtendaji wa kijiji mkoa huohuo wa Pwani mpaka nilipostaafu. Mihuri niliyogonga kwenye mauziano ya mashamba ni mingi, na mingine nilikataa kuigonga nikachukiwa. Kwa hiyo nisikilize.

Anza na hiyo nauli. Kaka yako airudishe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na iandikwe. Laki tano ya leo, kesho utaambiwa ilikuwa malipo ya awali, na karatasi yake itakuwepo ingawa ninyi hamjawahi kuiona.

Halafu saini. Marehemu hana saini, na kaka mkubwa si msimamizi wa mirathi mpaka mahakama imteue. Ukubwa wa kuzaliwa haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mpendekeze msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Pale tangazo litabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa, msimamizi anakusanya, analipa madeni, anagawa, na anarudisha hesabu mahakamani. Hamiliki. Wengi hapo ndipo wanapojisahau. Anayeuza kabla ya hapo anauza kisicho chake, na mnunuzi mwenye wanasheria wake analijua hilo. Ndiyo maana anamtuma dalali kwanza.

Hata mkishapata msimamizi, ardhi yenu ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Kumhamishia mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Si ya mwenyekiti peke yake akiwa kibarazani kwake, ya halmashauri iliyokaa kikao na kuandika muhtasari. Na kama "kampuni" ni ya wageni, asiye raia hawezi kununua shamba mkononi mwa mwanakijiji hata kidogo. Njia yake ni kupitia mamlaka ya uwekezaji, na ardhi hiyo lazima kwanza itoke kwenye ardhi ya kijiji na kuingia ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Utaratibu huo una mkutano mkuu wa kijiji ndani yake. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unapendekeza na waziri anaamua. Ekari zenu sita ni kama hekta mbili na nusu, kwa hiyo mkiona mtu anasema "wizara imeshapitisha", mwombeni muhtasari wa mkutano wenu wenyewe.

Serikali kutwaa. Sitakudanganya, uwezo huo upo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa kwa manufaa ya umma, na maeneo ya viwanda yametajwa humo. Lakini kuna mambo mawili kaka zako hawaambiwi. La kwanza, zamani ardhi tupu ilikuwa haifidiwi, unalipwa nyumba na mazao tu. Sheria za 1999 zikabadilisha, ardhi yenyewe ina thamani na fidia inatakiwa iwe kamili, ya haki na kwa wakati. La pili, haki yenu ya kimila si hisani ya mtu. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1994, kwenye kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Dalali hatwai ardhi ya mtu. Akija tena na neno hilo, mwambie alete tangazo la serikali.

Mji mdogo sasa. Hili ndilo kubwa, na wengi hawalioni mpaka limepita. Kijiji kina mkutano mkuu wenye meno: kila mtu mzima mkazi ana sauti juu ya ardhi. Mkitangazwa mji mdogo, kijiji kinakoma, vinabaki vitongoji chini ya mamlaka ya mji mdogo. Mkija kuwa mji kamili mnapewa mitaa. Mtaa una mikutano, una mwenyekiti, una bendera, ila haugawi ardhi wala hauzuii. Mipango inapangwa halmashauri, na ninyi mnakwenda kuomba. Sisemi mji ni mbaya, maji na lami huja na mji. Nasema karatasi yenu iwe mkononi kabla ya siku hiyo: mfungue mirathi, halafu muombe hati ya hakimiliki ya kimila wakati kijiji bado ni kijiji.

Mama yako asisaini kitu. Wala asiweke dole gumba.


Shifti_B:

Mimi sina sheria, nina habari za ndani ya geti tu, maana najua watawaambia na ajira zipo.

Nilifanya kazi kiwanda kimoja cha upande huo, sitakitaja. Asubuhi mnajipanga nje, anatoka mtu wa wakala anachagua kwa macho. Wenyeji hawachaguliwi sana, wanasema wenyeji tuna misiba mingi na mashamba ya kuchungulia. Waliojaa ndani wametoka Mbagala, Lindi, Singida, kila mahali. Unalipwa kwa siku, mkataba wako ni na wakala, ukiumia wanatupiana mpira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Sisi shifti ilikuwa saa kumi na mbili na hiyo nusu sijawahi kuiona.

Kuna wachache waliopata mkataba wa kweli, hasa mafundi umeme na waendesha mitambo wenye cheti cha VETA. Hao wako vizuri, wana NSSF na kila kitu. Kama kuna mdogo wenu mnamtaka aingie kiwandani mpelekeni akasome kwanza, msimpeleke kwa sababu mmeuza shamba.


Mjini_Kitambo:

Uzeni wakuu. Mikorosho yenyewe mnapuliza salfa kwa mkopo, bei mnapangiwa mnadani kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuzia ghalani, mnalipwa mkishasahau. Milioni 108 hizo hakuna mkorosho utakaowapa. Mengine ni hisia.


MamaVyumba:

Mjini_Kitambo una hoja lakini umezidisha. Mkorosho hauli pango wala hauombi ada ya shule.

Dada, mimi niko huko Mwandege na nimeuza. Sijutii, ila sikuuza zote na sikuuza kwa haraka. Mzee hapo juu amemaliza mambo ya ofisi, mimi nikupe ya nyumbani.

Tulikuwa na ekari tatu. Viwanda vilipoanza kuzunguka niliona wazi kwamba kilimo pale kimekwisha, si kwa sababu ardhi imechoka, kwa sababu ya wizi. Watu wengi wageni, hawana shamba, wana njaa ya usiku. Muhogo unang'olewa kabla ya kukomaa, dafu linaangushwa alfajiri. Utalinda mpaka lini? Nikauza ekari mbili za nyuma, nikabaki na moja inayotazama njia ya kuelekea getini. Watu walinicheka kwamba nimeuza sehemu yenye rutuba nikabaki na kichanga. Kichanga hicho kina vyumba kumi na vinne.

Sasa sikia hesabu ya vyumba, maana usidhani ni pesa ya kuokota. Chumba nakodisha elfu 35 kwa mwezi. Mpangaji wa kiwandani hawezi kulipa miezi sita kama wa mjini, analipa mmoja, na kazi ikikatika anahama usiku na godoro lake. Chumba kimoja wanaingia watu wanne wanaolala kwa zamu, wa usiku akitoka wa mchana anainuka, kwa hiyo choo kinajaa kabla ya muda wake na gari la kunyonya linataka hela yake hapohapo. Kila chumba nimekiwekea mita yake ya umeme ya LUKU, nilichoka ugomvi wa nani ana jiko la umeme. Kisima changu cha mkono kilikauka baada ya majirani wakubwa kuchimba kirefu. Sasa nanunua maji kwa boza. Na bado, nikijumlisha na kutoa, vyumba vinanipa zaidi ya shamba lilivyokuwa likinipa, na vinanipa kila mwezi, si mara moja kwa msimu. Kando yake nina meza ya chapati na maharage getini, ile ndiyo inayolipa ada.

Wenzangu waliouza zote nawajua. Pesa ikagawanywa, kila mtu akachukua pikipiki, na sasa baadhi yao ni wapangaji wangu. Naishi nao vizuri, lakini siku ya kudai kodi natafuta maneno.

Mzee hapo juu anasema subirini karatasi. Ni sawa, ila msisubiri mpaka mkazungukwa pande zote nne. Shamba lisilo na njia ya gari bei yake inakwenda kwa aliyekuzunguka.


BintiWaKorosho:

Asanteni sana. Mzee, shikamoo tena, nimesoma ujumbe wako kwa sauti kwenye spika ya simu mbele ya kaka zangu. Mkubwa alinuna, kisha akauliza "huyu mzee yuko wapi tumtafute", kwa hiyo umeingia.

Halafu nilifanya jambo ambalo lingefanywa kabla ya chai ya kwanza ya dalali. Nilipiga hesabu ya mirathi kwa sheria ya dini yetu. Milioni 108: mama thumni yake, yaani moja ya nane, milioni 13.5. Zinabaki 94.5. Sisi tuna mafungu manane, wanaume mawili mawili, wanawake moja moja. Kila kaka milioni 23.6, mimi na dada yangu milioni 11.8 kila mmoja. Nikaelewa kwa nini pale nyumbani ile haraka iko upande mmoja. Na mama, milioni 13.5 akiwa na miaka zaidi ya sabini, akaishi wapi? "Kwangu Chamazi," anasema kaka wa pili. Chamazi ana vyumba viwili na watoto watano.

Nina maswali zaidi. Dalali amesema mazao hayahesabiwi kwa sababu "kampuni inanunua ardhi, si miti". Ni sawa? Na ndani ya shamba kuna makaburi matano ya upande wa baba. Yeye anasema yatahamishwa tu, "ni siku moja". Nani anajua hili?


Mpima_wa_Pwani:

Dada, nafanya kazi ya upimaji maeneo hayo. Nianze na kwa nini wanawataka ninyi, kwa sababu ukijua hilo utajua una nini mkononi.

Kiwanda kikitafuta mahali kinaangalia mafuta ya kuwasha tanuri, barabara, bandari, na bei ya ardhi. Bomba la gesi kutoka Mtwara, lililokamilika mwaka 2015, linapita Mkuranga kuelekea Kinyerezi, Dar. Kiwanda cha vigae kinachoma mchana na usiku, na gesi ya bomba ni nafuu kuliko kuchoma mafuta mazito. Bandari ya Dar iko karibu. Ardhi ya viwanda Dar yenyewe imekwisha au haishikiki. Kwa hiyo hakuna anayewafanyia hisani, na hakuna anayeondoka kesho kwa sababu mmeomba muda wa kufungua mirathi.

Mazao. Kwenye mauziano ya hiari bei ni makubaliano, dalali anaweza kusema anachotaka na ninyi mnaweza kukataa. Lakini serikali ikitwaa, mthamini anahesabu kila mti kwa aina na umri, unapigwa picha ukiwa umeshika namba yako mbele ya mali, na unasaini fomu. Juu ya thamani ya ardhi na mazao kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na posho ya makazi ambayo ni pango la miezi 36. Aliye na biashara anaongezewa hasara ya faida. Malipo yakipita miezi sita yanadai riba. Kwa hiyo ule msemo wa "serikali italipa senti" ubishaneni nao kwa karatasi: pigeni hesabu hiyo kwanza, muone inakuja juu au chini ya milioni 18. Kasoro ya fidia iko kwenye kuchelewa, na mimi nimeona watu wamesubiri mpaka wamezeeka. Hilo kaka zako wana haki ya kuliogopa.

Msipande mikorosho mipya usiku wa kuamkia uthamini, maana najua mtashauriwa. Kuna tarehe ya ukomo, kilichopandwa baada yake hakilipwi. Mkorosho ukipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 unapata kama miti 28 kwa ekari, na mthamini akikuta themanini anajua.

Kabla ya yote hayo nendeni ofisi ya kijiji mkaulize kama kuna mpango wa matumizi ya ardhi, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya muombe kuona mchoro. Viwanda kwenye michoro hupakwa rangi ya zambarau. Mkijua rangi ya shamba lenu mnajua mnachouza. Ekari ikikatwa viwanja vya mita 20 kwa 20, ukitoa barabara, unapata kama saba au vinane. Linganisheni bei ya viwanja hivyo na milioni 18.


Mtendaji_Mstaafu:

Binti, kuhusu makaburi. Hayahamishwi kwa siku moja na hayahamishwi na dalali. Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Hiyo inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma: kunatolewa taarifa, ndugu wanapewa nafasi ya kusema, na gharama za kufukua, kuzika upya na ibada zinabebwa na mwenye mradi. Kwenye mauziano ya watu wawili hamlazimiki kuuza makaburi. Mwambieni mpima ayatenge kama kipande chake pamoja na njia ya kuyafikia, yabaki jina la ukoo.

Nimeshuhudia familia iliyouza na makaburi ndani. Leo wanaomba ruhusa kwa mlinzi kwenda kumsomea dua baba yao, na mlinzi wa zamu nyingine anawakatalia.


BintiWaKorosho:

Habari wakuu, narudi na mrejesho.

Kikao cha ukoo kimefanyika. Kaka mkubwa amerudisha laki tano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, imeandikwa. Kwenye kupendekeza msimamizi ulizuka mzozo ambao sitauleta hapa, ila mwisho tumependekeza wawili kwa pamoja: kaka wa pili na mimi. Mama ndiye aliyesema iwe hivyo. Alisema sentensi moja tu kikao kizima, na baba mdogo akaandika bila kuuliza mtu mwingine.

Tumeona na mchoro. Mpima, mstari unapita katikati ya mihogo! Upande wa juu, ule aliofyeka baba, ni zambarau. Upande wa chini, nyumba ilipo, ni makazi. Makaburi yako chini, Alhamdulillah.

Dalali nilimwambia tunasubiri mahakama na kwamba nusu ya shamba haiko kwenye viwanda. Akanyamaza siku kadhaa, kisha akarudi na maneno mapya: kampuni sasa inaridhika na ekari tatu za juu, na hata kukodi inaweza. Jamani, kiwanda kinakodi shamba?


Shifti_B:

Hahaha dada, hicho si kiwanda. Hiyo ni maegesho ya malori. Pale bondeni malori yanayosubiri kupakia yamejaa mpaka kwenye lami, trafiki wanakusanya faini kila siku. Wanatafuta pa kuyaweka. Tulikuwa tunalisikia kabla sijaacha kazi.


MamaVyumba:

Basi kumbe! Walitaka kununua ekari sita kwa ajili ya kuegesha.

Kodisheni hiyo ya juu. Malori yana madereva na matingo, wanakula, wanaoga, wanalala. Mimi ningejenga choo cha kulipia kesho.


Mpima_wa_Pwani:

Kukodisha ni wazo zuri kuliko kuuza kwa sasa, ila fanyeni baada ya mahakama kuwateua, ninyi wawili ndio msaini, na kwa mtu wa nje jambo lipitie halmashauri ya kijiji vilevile. Msikubali miaka kumi. Anzeni na mmoja, kodi ilipwe mbele, miezi sita au zaidi, na iandikwe kwamba haki yenu ya umiliki haihami.

Mikorosho ya juu mtaikosa, lori haliegeshi kati ya miti. Ihesabuni, muipige picha na mdai fidia ya kung'olewa kwake kwenye mkataba, tofauti na kodi.


MamaVyumba:

Na mafuta machafu. Iandikwe kwamba hakuna kubadilisha oili pale wala kuosha injini. Jirani yangu alikodisha kwa malori, baada ya mwaka ardhi ilikuwa nyeusi na mvua ikashusha yote kwenye kisima cha watu. Waweke na ukuta wao wenyewe upande wa barabara, ule upande wa mama yako wekeni ninyi, msije mkaamka geti limefunguliwa kuelekea jikoni.


BintiWaKorosho:

Nimeandika yote. La jikoni nimelipigia mstari.

Mpima, naomba nikutumie faraghani picha ya mchoro, uniambie ukuta wa upande wa mama uwe umbali gani kutoka kwenye ule mstari. Mahakamani tunarudi mwezi ujao.


Mpima_wa_Pwani:

Tuma. Ila piga picha na kona zote nne za karatasi, nione na kipimo chake. Watu wananitumia katikati tu.